Losheni ya jua unampaka usiku? Jibu kwa mama wa Igombe

Swali lenyewe hili hapa, nimelifupisha kidogo: "Daktari shikamoo. Mimi naanika dagaa huku Igombe, Mwanza. Mwanangu wa pili ana ualbino, ana miaka 6, kaanza shule mwaka huu. Kliniki walinipa chupa ya losheni ya jua, nampaka kila usiku akishaoga, kidogo kidogo ili isiishe haraka. Ila bado anaungua, mashavu yanakuwa mekundu na mdomo wa chini umepasuka, ukipona unapasuka tena. Hii losheni ni feki au ngozi yake imeikataa? Na mbona mimi mama yake nashinda juani na siungui? Mama Neema."

Marahaba mama Neema, na mwangaluka. Losheni yako sio feki na ngozi ya mtoto haijaikataa, shida ni saa unayompaka. Losheni ya jua sio dawa ya kutibu ngozi mtoto akiwa kalala, gizani haina kazi yoyote. Yenyewe inakaa juu ya ngozi inazuia mionzi isipite, basi, na baada ya masaa machache inakuwa imechoka au imehamia kwenye shuka. Kumpaka usiku ni sawa na kushusha neti asubuhi mbu wakiwa wameshashiba. Na usijilaumu, kosa hili naliona mara nyingi sana, maana mafuta yote tuliyokuzwa nayo yanapakwa mtu akitoka kuoga, na aliyekupa chupa pengine alikuwa na foleni mpaka nje ya mlango, akasema "mpake kila siku" akaita mwingine.

Sasa badilisha hivi. Mpake asubuhi, kama robo saa au nusu saa kabla hajatoka nje, alafu apakwe tena kila baada ya masaa mawili akiwa bado yuko nje, na akitoka ziwani au akitoka jasho jingi apakwe upya hapohapo. Na kile kidogo kidogo chako ndo kosa la pili. Watu wengi hata wenye hela zao wanapaka robo au nusu ya kinachotakiwa, na ukipaka nusu hupati nusu ya kinga vizuri, ile namba ya SPF iliyoandikwa kwenye chupa, yani kipimo cha kinga ya jua, wameipima kwa kupaka nyingi. Kwa mtoto wa miaka 6, uso, masikio na shingo chukua kama nusu kijiko cha chai. Usisahau nyuma ya masikio, kisogoni, juu ya miguu kama anavaa ndala, na migongo ya mikono. Ikibaki weupe kidogo usisugue mpaka uishe, uache.

Najua unachowaza, kwa mwendo huo chupa itaisha wiki mbili. Itaisha kweli. Ndo maana nakwambia jambo ambalo nalirudia mpaka wenzangu wananicheka: losheni ni ya mwisho, nguo ndo ya kwanza. Nguo haiishi, haifutiki na jasho na wala huifati kliniki. Losheni kazi yake ni kufunika pale tu nguo iliposhindwa kufika, yani uso, masikio na viganja kwa juu. Mtoto akivaa mikono mirefu na suruali chupa yako inadumu mara mbili au zaidi, huo ndo ubahili mzuri, sio wa kumpaka kiduchu mwili mzima.

Nguo gani? Ishike uinyooshe kwenye jua uangalie upande wa pili, ukiona mwanga unapenya kama kwenye chekecheo hiyo haifai. Kanga iliyofuliwa miaka mitatu haifai. Kitenge kizito, jinzi, shati la mtumba lililoshonwa nyuzi za kubanana, hizo ni nzuri, na rangi iliyokolea inazuia zaidi kuliko nyeupe. Pamba nyepesi ikilowa maji inapitisha zaidi, kwahiyo fulana iliyolowa ziwani usiihesabu. Kofia mnunulie pama, ile yenye ukingo mpana pande zote, kama sentimita 8 hivi. Kapelo sitaki kuisikia kwa mtoto mwenye ualbino! Inafunika paji la uso inaacha masikio na shingo wazi, na mimi vidonda vingi nakutana navyo hapohapo, juu ya sikio na nyuma ya shingo.

Kuhusu saa. Wataalamu wa nje utawasikia wanasema jua kali ni kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, na kwetu inakaribiana lakini kuna kitu cha Mwanza watu hawakijui. Saa zetu ni za Afrika Mashariki nzima ila sisi tuko magharibi, kwahiyo jua halifiki katikati saa sita kamili kama wengi wanavyodhani, linafika kwenye saa saba kasoro. Yani saa saba mchana, muda ambao watoto wa asubuhi wanaachiwa warudi nyumbani, ndo jua liko kileleni. Na kwa kuwa tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, katikati ya mwezi wa tatu na mwishoni mwa mwezi wa tisa linapita utosini kabisa, kivuli unakikanyaga. Mtoto hana saa, ila kivuli anacho. Mfundishe hivi: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, toka juani. Anaweza kulifanya hili mwenyewe hata kama hujamfundisha bado kusoma saa, na watoto wanalipenda, wanaligeuza mchezo.

Alafu ziwa linadanganya. Kinachounguza ngozi sio joto la jua, ni mionzi ya UV, na hiyo hauioni wala huisikii mwilini. Upepo wa ziwa ukivuma unapoa vizuri, unasema leo jua dogo, kumbe mionzi iko palepale. Mawingu ya asubuhi nayo yale mepesi yanapitisha sehemu kubwa tu ya mionzi, nimeshaona watoto wameungua siku ambayo mama anaapa hakukuwa na jua. Mchanga mkavu pale mwaloni, mitumbwi inapopakua samaki, unarudisha juu kama asilimia 15 ya mionzi, kwahiyo mtoto aliyekaa chini ya mwavuli anaunguzwa kidogo kutokea chini, usoni. Majini hakuna usalama pia, hata akizama nusu mita bado mionzi kama asilimia 40 inamfikia. Na ongeza kwamba Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kadri unavyopanda ndo mionzi inavyozidi, kama asilimia 10 kila mita 1,000. Dar wanalalamika joto, sawa, lakini jua letu sio la kitoto.

Hapo ndo nakuja kwenye dagaa. Najua ratiba yenu, mitumbwi inaingia alfajiri, mnanunua, mnamwaga kwenye chanja au mchangani jua likianza kupanda, alafu kugeuza mchana, kuchambua, kupakia. Huwezi kuanika dagaa usiku na sitakushauri uache kazi inayolisha nyumba. Ila mtoto hana kazi pale saa saba. Kama kuna bibi, shangazi au jirani abaki naye siku asizoenda shule, vizuri zaidi. Kama hakuna, ongeeni kina mama wa mwaloni mjenge kibanda kimoja cha nyasi au makuti kilichozibwa na pembeni, sio turubai moja juu ya miti minne, maana mionzi inaingia kwa pembeni vilevile. Kibanda kiwe mbali kidogo na mchanga mweupe, mweke na wenzake ndani wacheze bao. Kina mama hamshindwi kukijenga, mbona ya vikoba mnakaa mnaelewana.

Chupa yako ya losheni usiiache kwenye chanja wala kwenye ndoo juani, joto linaiharibu. Iviringishe kwenye kitambaa kibichi, weka kivulini.

Shule nenda mwenyewe ukaongee na mwalimu mkuu, usimtume mtoto na karatasi. Mwambie unaomba mambo machache: avae mikono mirefu na suruali ndefu ya rangi ileile ya sare, avae pama hata mstarini, na mstari wenyewe yeye asimame kivulini. Michezo na kufagia uwanja awekwe asubuhi. Na akae dawati la mbele, mbali na dirisha, kwa sababu karibu wote wenye ualbino macho yao yanaona hafifu na mwanga mkali unawasumbua, kuna watoto wengi wameitwa wajinga darasani kumbe hawaoni ubao. Akifika kliniki ya macho watampima. Miwani ya giza ya mnadani usimnunulie kwa kuangalia weusi wake tu, tafuta iliyoandikwa UV400, maana kioo cheusi kisicho na kinga kinafanya mboni ipanuke na mionzi iingie zaidi.

Sasa mdomo. Hapa ndo nakaza sauti kidogo. Mdomo wa chini ndo unaotazama juu, unapigwa na jua kuliko wa juu, na kwa mwenye ualbino kupasuka kunakojirudia palepale sio kupasuka kwa kiangazi kama kwetu. Inaweza kuwa ngozi imeungua tu, na kwa umri wake naomba iwe hivyo, lakini inatakiwa ionwe kwa macho na kushikwa na kidole, sio kujibiwa kwa maandishi. Mafuta ya mgando yanalainisha ila hayazuii jua hata kidogo. Mafuta ya nazi hivyohivyo, ya alizeti hivyohivyo. Limao mdomoni tafadhali hapana, limao na jua vikikutana vinaunguza ngozi vibaya mno, na dawa ya meno nayo iacheni iende mswakini. Mpake losheni yake ileile mpaka ukingoni mwa mdomo, pama ifanye kazi iliyobaki.

Nikwambie kwa nini nakaza. Miaka fulani nyuma alikuja kijana kutoka visiwani, ana ualbino, umri wake ishirini na kitu. Alianza na kigamba kidogo juu ya sikio, kigumu kama ukikipapasa unagusa msasa. Kikibanduka kinarudi. Akaenda duka la dawa akauziwa rangi mbili, vile vidonge vya antibiotiki, akawa anafungua kidonge anamwagia unga kwenye kidonda, mwezi wa kwanza, wa pili, mwaka. Kinakauka juu kinachimba chini. Alipofika kwetu sikio lilikuwa limeliwa nusu na tezi za shingoni zimevimba. Kile kigamba cha mwanzo tungekigandisha kwa nitrojeni ya maji, ni baridi kali sana, sekunde chache, mtu anaondoka na miguu yake anapanda daladala kwenda kwao. Kikishakuwa kidonda kidogo kinakatwa kwa ganzi na kipande kinapelekwa maabara. Kikifika alipofika yeye ni upasuaji mkubwa na mionzi ya tiba, miezi mingi ya hospitali ya Bugando, na majibu hayana uhakika. Ugonjwa ni uleule mmoja, tofauti ni muda tu.

Saratani yenyewe kwa watu wenye ualbino huku kwetu mara nyingi ni ile inayoanzia kwenye seli za juu za ngozi, inakwenda taratibu, inatoa ishara mapema, ndo maana inauma sana kuona mtu anakufa nayo. Ishara zake: kidonda kisichopona kwa wiki nne, kigamba kigumu kinachorudi palepale, uvimbe unaotoa damu ukiguswa tu na taulo, kitu kama pembe ndogo kinaota kwenye ngozi, au kipele kinachong'aa kama lulu kinakua polepole. Ukikiona chochote hapo usisubiri, hata kama hakiumi. Hasa kama hakiumi, kwa sababu mwanzoni hakiumi kweli na ndo kinavyowalaghai watu.

Kumkagua usingoje kliniki. Nyie mna kalenda nzuri kuliko yangu: kila mbalamwezi mitumbwi inapopumzika na mwaloni kunapoa, mvue mtoto mchana ndani kwenye mwanga wa dirisha, muangalie kuanzia utosini mpaka nyayoni, pitisha kidole kwenye masikio, pua, mdomo, shingo, mikono. Kidole kinahisi mikwaruzo kabla jicho halijaona. Madoa ya kahawia yanayotokea juani kwa watoto wengi wenye ualbino ni ya kawaida, ila yanakuonyesha sehemu gani imepigwa jua sana.

Umeuliza mbona wewe huungui. Melanini yako, ile rangi nyeusi, ni losheni uliyozaliwa nayo, kwa ngozi nyeusi sana waliipima wakakuta ni kama SPF 13 hivi, masaa 24, bure. Mtoto wako hiyo hana au anayo kidogo sana. Kwahiyo wewe saratani ya ngozi ya kuletwa na jua sio kitu cha kukukosesha usingizi na sitakwambia ununue losheni za bei mbaya wakati chupa ya mtoto inaisha. Ila sisi weusi tuna zetu. Ile saratani ya rangi, melanoma, kwetu inapenda nyayo, viganja na chini ya kucha, sehemu ambazo hata jua halifiki. Bob Marley ilimuanzia kwenye kidole cha mguu, chini ya kucha, ikaonekana 1977, akafariki 1981 ana miaka 36. Kwahiyo doa jeusi unyayoni linalotanuka, au mstari mweusi kwenye kucha moja unaopanuka, lionyeshe, usiseme nilijikwaa. Na kovu kubwa la moto au kidonda ndugu cha miaka mingi mguuni kikianza kuota nyama na kunuka, hicho nacho ni cha kukatwa kipimo.

Macho je, hapa weusi hatujapona. Wavuvi, bodaboda, nyie waanikaji, jua la miaka linaotesha kinyama kwenye weupe wa jicho kikielekea kwenye mboni. Vingi havina neno, lakini saratani ya juu ya jicho ipo Afrika Mashariki, kwa wenye VVU inakuja zaidi, na inaanza ikifanana na kinyama cha kawaida kabisa. Kikikua haraka nenda. Pama ukimnunulia mtoto chukua na yako.

Kitu kingine, na sikutuhumu mama Neema nasema kwa ujumla maana mwaloni mko wengi: mkorogo. Unaondoa ile SPF 13 ya bure, ndani yake mara nyingi kuna zebaki, haidrokwinoni au steroidi, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya maandazi, alafu mtu anaenda nayo juani saa saba. Na kuna vidonge vinavyofanya mtu yeyote aungue upesi, doksi (antibiotiki ya doxycycline) ikiwemo, ukipewa hiyo ujifunike kipindi chote unachoimeza.

Mwisho sio swali lako lakini nimeona kwenye barua yako kuna mstari, ambao sikuuweka hapo juu, kuhusu baba yake Neema na maneno ya kwao juu ya chanzo cha ualbino. Ualbino wa mwili mzima unatoka kwa wazazi wote wawili, baba na mama, kila mmoja anabeba nusu yake bila kujijua, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Hakuna ulichokula, hakuna uliyemuangalia, hakuna laana. Akitaka kuja naye aje, namweleza mwenyewe kwa heshima yake.

Losheni ikiisha usiende dukani kwanza, rudi kliniki ileile ujiandikishe. Kuna losheni inaitwa Kilisun, inatengenezwa Moshi pale hospitali ya KCMC kwa ajili ya watu wenye ualbino, inagawiwa bure kwenye kliniki, na Chama cha Watu wenye Ualbino watakuelekeza inapogawiwa jirani na wewe. Ukimleta kwa ajili ya mdomo anza zahanati uombe rufaa ya ngozi, usikubali kurudishwa na mafuta tu. Toka nyumbani mapema mfike kabla jua halijapanda, mnyoe nywele ziwe fupi nimuone utosi, na njoo na hiyo chupa tupime pamoja nusu kijiko ni kiasi gani kwenye kiganja chako.